Kabla ya Kiwanja, Jua Mpangaji Wako Analipwa Lini

Wengi wanaojenga nyumba za kupangisha Migori na Homa Bay huanzia kwenye kiwanja. Kimepatikana kwa bei nafuu kando ya barabara, au ni cha marehemu babu, na kwa kuwa kipo, ploti ya vyumba kumi inasimamishwa juu yake. Mpangaji atatafutwa mabati yakishapigiliwa. Ushauri wangu ni kinyume cha hapo. Mtafute mpangaji kwanza: anafanya kazi gani, nani anamlipa, tarehe ngapi, na ni miezi gani mfuko wake hukauka. Kiwanja, ramani na rangi ya ukuta vifuate baadaye. Katika miji ya kiasi hiki uzuri wa nyumba haupandishi kodi sana, kwa sababu mishahara yenyewe haijapanda. Ploti inayomlipa mwenyewe hutofautiana na inayomla kwa jambo moja kuu, nalo ni miezi ambayo chumba hukaa kitupu.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,116,436 katika kaunti ya Migori na 1,131,950 Homa Bay. Takwimu hizo huwapa watu matumaini makubwa mno. Sehemu kubwa ya wakazi hao wanaishi kwao, katika maboma yao, na hawana haja ya kumlipa mtu kodi. Soko lako ni wale waliotoka kwao: mwalimu aliyehamishwa, muuguzi, karani wa kaunti, polisi, mwanafunzi, mfanyabiashara, kibarua wa kiwandani. Ugatuzi ulipoanza 2013, miji ya Migori na Homa Bay ilipata makao makuu ya kaunti, na ofisi hizo zilileta watu wenye mshahara wa kila mwezi. Hao ndio nguzo ya soko, lakini usiwaone kama mwamba. Hazina Kuu ikichelewa kutuma fedha, na huchelewa mara kwa mara, mfanyakazi wa kaunti hulala bila mshahara, nawe hulala bila kodi. Isitoshe, ushuru wa nyumba za bei nafuu wa asilimia 1.5 chini ya sheria ya 2024, pamoja na makato ya bima ya afya ya jamii ya asilimia 2.75 yaliyoanza Oktoba 2024, umepunguza kinachobaki mkononi. Mpangaji mwenye payslipu hatakukimbia usiku, ila usitarajie akubali nyongeza ya kodi kila Januari.

Wanafunzi wana hesabu yao. Chuo Kikuu cha Rongo kilipata hati mwaka 2016, na Chuo Kikuu cha Tom Mboya pale Homa Bay kikapata yake 2022. Hosteli za chuo hazitoshi, na mwenye chumba karibu na lango anajua anaweza kudai zaidi. Tuseme chumba cha mwanafunzi kinapangishwa kwa shilingi 4,000 na cha muuguzi mbali kidogo kwa shilingi 3,000. Mwanafunzi akikaa miezi minane na kurudi kwao likizo ndefu, umepata shilingi 32,000 kwa mwaka. Muuguzi aliyekaa miezi yote kumi na miwili amekupa 36,000, tena bila kukuachia ukuta ulioandikwa kwa mkaa. Kwa hiyo ukiamua kuwapangishia wanafunzi, toza kwa muhula, tena mwanzoni, pesa za mkopo wa serikali zinapoingia, na kodi ya muhula ibebe ndani yake sehemu ya likizo. Kutoza kwa mwezi mtu asiyelipwa kwa mwezi ni kujitafutia ugomvi.

Awendo ni mji wa sukari, na kodi ya nyumba pale hufuata kinu. Kampuni ya Sukari ya South Nyanza ilianza kusaga miwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2023 serikali ilisimamisha usagaji nchini kwa miezi kadhaa kwa sababu miwa iliyokuwa ikivunwa ilikuwa changa, na 2025 kiwanda kikakodishwa kwa kampuni binafsi kwa miaka 30. Mwekezaji anaweza kusoma ukodishaji huo kama baraka au kama tishio, na zote mbili zina hoja. Ninachosema ni kwamba mwenye ploti ambaye vyumba vyake vyote kumi vimejaa watu wa kiwanda ana mpangaji mmoja tu, naye ni kiwanda. Kinu kikisimama, milango kumi inafungwa kwa pamoja. Changanya: mwalimu wa shule ya karibu, dereva wa miwa, mama mwenye kibanda sokoni, ili misimu yao mikavu isigongane. Ufukweni, Mbita au Sori, omena hufungwa kwa miezi kadhaa kila mwaka, kwa kawaida kati ya Aprili na Julai, na mvuvi aliyekuwa akilipa bila maneno huanza kuomba subira. Macalder na machimbo mengine ya dhahabu huko Nyatike, pesa huja kwa kishindo na kuondoka vivyo hivyo. Kule, kama ni lazima ujenge, jenga kitu chepesi ambacho kimerudisha pesa zake kabla mshipa wa dhahabu haujahamia kijiji kingine. Isebania ni mji wa mpaka, na mahitaji makubwa pale ni ghala na vyumba vya biashara kuliko makazi.

Sasa hesabu ya chumba kitupu, kwa kuwa ndiyo hoja yote. Chumba cha shilingi 3,500 kikijaa mwaka mzima hutoa 42,000. Mwenye nyumba anaona jirani anatoza 3,800, naye anapandisha kwa 300. Mpangaji anahama, na chumba kinakaa mwezi mmoja kabla ya kupata mwingine. Miezi kumi na mmoja kwa 3,800 ni 41,800. Amepandisha kodi na mwaka huo amepata pungufu ya shilingi 200, kabla hajanunua rangi wala kubadilisha kitasa. Mwezi mmoja mtupu hula zaidi ya asilimia nane ya mapato ya mwaka ya chumba hicho, na ili kuufidia inabidi kodi ipande kwa asilimia tisa. Kuna watakaosema kwamba kwa mtazamo huu kodi haitapanda kamwe na mfumko wa bei utamla mwenye nyumba. Pingamizi hilo lina uzito. Njia ya katikati ni kupandisha kidogo chumba kinapoachwa chenyewe, na kumwachia mpangaji wa siku nyingi bei yake mradi analipa kwa wakati. Mpangaji wa miaka minne anayelipa tarehe tano ni mali, hata kama jirani yake mpya analipa mia mbili zaidi.

Kama kujaza chumba ndiko kunakoleta faida, basi jenga kwa ajili ya kumfanya mtu akae. Hapa ndipo maji yanapoingia. Homa Bay ni mji unaolitazama ziwa, lakini si ajabu mifereji kukauka siku kadhaa, na mpangaji anayenunua maji kwa mtungi analipa kodi ya pili isiyoonekana. Tangi la lita 10,000 linalokusanya maji ya mvua kutoka kwenye paa lako mwenyewe, na mfereji mmoja wenye kufuli, vitamzuia kuhama zaidi kuliko vigae vya sakafu. Umeme nao una fitina yake. Ploti yenye mita moja huzaa kesi kila wiki: huyu anapika kwa koili, yule ana taa moja na redio, na tokeni zikiisha saa tatu usiku hakuna anayekubali kuchanga. Weka mita kwa kila mlango, hata zile ndogo za ndani zinazosoma matumizi ya kila chumba, na umezima nusu ya ugomvi wa ploti. Choo kiwe na shimo ambalo lori la kunyonya linaweza kulifikia. Wengi hulichimba nyuma kabisa, kisha wanajenga vyumba vya kuziba njia. Joto la kando ya ziwa linataka dari na madirisha yanayotazamana. Tambarare za ziwani zina udongo mweusi unaotanuka mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, na msingi uliookolewa gharama hapo hulipiwa baadaye kwa nyufa. Kumbuka pia kwamba maji ya ziwa yalipanda sana 2020 na tena 2024. Kiwanja cha bei nafuu karibu na maji mara nyingi kina sababu ya kuwa nafuu.

Wapo watakaoniambia: ardhi ni ya baba, sikununua, kwa hiyo hata kodi ikiwa ndogo ni faida tupu. Hoja hii ndiyo imejenga vyumba vingi vinavyolaliwa na mbuzi. Ardhi ya bure isiyo na wapangaji si ya bure, kwa sababu saruji, mabati na mbao ulizozika juu yake hukuzipata bure. Na kisheria, ardhi hiyo huenda si yako. Mashamba mengi ya Nyanza Kusini bado yamesajiliwa kwa jina la mtu aliyekwisha kufariki. Mpaka kesi ya urithi ifanyike mahakamani chini ya sheria ya urithi, Sura ya 160, na mgao uandikwe, ndugu zako wana haki sawa na yako kwenye udongo ulio chini ya ploti yako. Ukiwa hai mtacheka pamoja. Mgogoro huja kwa watoto. Maliza urithi kwanza, ujenge baadaye, hata kama unachelewa miaka miwili.

Ukinunua, fanya upekuzi rasmi kwenye ofisi ya ardhi ya kaunti wewe mwenyewe au kupitia wakili wako, si kupitia wakala wa muuzaji. Kama ni shamba la kilimo, idhini ya bodi ya ardhi inatakiwa, na maombi yapelekwe ndani ya miezi sita tangu makubaliano. Bila idhini hiyo mauzo ni batili, hata kama chifu na wazee wote walitia saini. Pata ridhaa ya mke au mume wa muuzaji kwa maandishi. Mlete mpimaji akuonyeshe mawe ya mipaka, na kama kiwanja kiko kwenye barabara kuu ya Kisii hadi Isebania, aonyeshe pia hifadhi ya barabara inaishia wapi. Ukuta wenye alama nyekundu ya X haulipwi fidia ukiwa ulijengwa ndani ya hifadhi.

Kuhusu mkopo, nitakuwa mkali kidogo. Sacco inakupa mara tatu ya akiba yako, na ni rahisi kuona milioni mbili kama nyumba iliyokwisha jengwa. Milioni mbili kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka juu ya salio linalopungua, ukilipa kwa miaka mitano, hudai takriban shilingi 44,500 kila mwezi. Ploti ya vyumba kumi vya 3,500, vyote vikiwa vimejaa na wote wamelipa, huingiza 35,000. Nyumba haiwezi kujilipia mkopo huo. Mshahara wako ndio utakaoulipa, na siku mshahara ukikatika, nyumba inauzwa. Anayesema atalipa mkopo kwa kodi aoneshe hesabu yake kwanza. Mkopo una nafasi yake pale unapokamilisha, kwa mfano paa na umeme wa vyumba ambavyo kuta zake ulizijenga kwa akiba, kiasi kwamba rejesho la mwezi halizidi theluthi moja ya kodi inayotarajiwa.

Na kuna pingamizi zito kuliko yote: kwa nini kujenga kabisa? Februari 2024 serikali ya Kenya iliuza hati fungani ya miundombinu yenye riba ya takriban asilimia 18.5 isiyotozwa ushuru. Chukua ploti ya kufikirika iliyogharimu milioni 3.5, vyumba kumi vya 3,500. Ukihesabu miezi miwili mitupu kwa kila chumba, unapokea 350,000. Ondoa ushuru 26,250, ondoa tuseme 45,000 za msimamizi, taka, choo na marekebisho, zinabaki chini kidogo ya 280,000, yaani asilimia nane ya ulichoweka. Hati fungani ingekupa zaidi ya mara mbili, bila mpangaji kukupigia simu kwamba bomba limepasuka. Siwezi kulijibu pingamizi hili kwa kulikana. Riba ya namna ile haikudumu. Ilishuka sana katika mwaka uliofuata, na hati fungani haipandi thamani mji ukipanuka, kama kiwanja kinavyoweza. Lakini kwa mtu ambaye hesabu yake ya ploti inatoa asilimia sita au saba, na ambaye ardhi yake iko mbali na mshahara wowote, jibu la kweli ni kwamba asijenge.

Ushuru wenyewe si mgumu. Mapato ya kodi ya makazi kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5 tangu Januari 2024, hapo awali ilikuwa 10. Hulipwa kwa mamlaka ya ushuru, KRA, ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na mwezi ambao hukupata kitu unawasilisha taarifa ya sifuri. Hutozwa kwenye kodi yote uliyopata, bila kutoa gharama ya saruji wala riba ya mkopo. Mwenye mkopo mzito anaweza kumwandikia kamishna ahesabiwe kwa utaratibu wa kawaida unaoruhusu kutoa gharama, na ni vyema kumuuliza mhasibu ni upande upi una nafuu. Mwenye vyumba kumi vya 2,400 yuko kwenye kizingiti chenyewe, 288,000 kwa mwaka. Aliye chini yake hatozwi ushuru huu wa mwezi, ingawa mapato hayo bado huonyeshwa kwenye taarifa ya mwaka.

Kinachowaumiza wenye ploti wadogo zaidi ya ushuru ni kutojua kwamba sheria inawalinda wapangaji wa bei ya chini zaidi kuliko wa bei ya juu. Sheria ya udhibiti wa kodi, Sura ya 296, inahusu nyumba za makazi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho ni cha zamani na kimepitwa na wakati Nairobi, lakini chumba cha mabati Rongo au Kendu Bay bado kinaweza kuangukia humo. Kumtoa mpangaji wa nyumba hiyo kunahitaji amri ya baraza la kodi, si kung'oa mlango wala kutoa mabati. Kukamata vyombo vya mtu kwa ajili ya kodi ni kazi ya dalali mwenye leseni, tena kwa utaratibu. Mwenye nyumba anayefunga chumba cha mdaiwa kwa kufuli lake hugeuka kutoka mlalamikaji na kuwa mshtakiwa, na kodi anayodai husahaulika.

Maduka yaliyo mbele ya ploti ni jambo jingine, na ndipo wengi wanaponaswa. Chini ya sheria nyingine, Sura ya 301, duka, hoteli au mkahawa uliopangishwa bila mkataba wa maandishi, au kwa mkataba usiozidi miaka mitano, ni upangaji unaodhibitiwa. Hutaweza kupandisha kodi wala kumtoa mwenye duka bila notisi ya fomu maalumu ya angalau miezi miwili, naye akipinga anakwenda kwenye baraza la nyumba za biashara na kuendelea kuuza sukari na sabuni mpaka kesi iishe. Yule kijana uliyempa duka kwa kupeana mikono, kwa kuwa ni mtu wa kwenu, ana kinga kubwa kuliko aliyetia saini mkataba wa miaka sita. Mlipe wakili aandike mkataba huo. Ni gharama ndogo kuliko kesi moja.

Kwa wanaoishi Nairobi, Mombasa au ng'ambo na kujenga nyumbani, kuna neno la mwisho kuhusu usimamizi, nalo linahusu jamaa. Binamu anafaa kufagia, kushika funguo na kuonyesha chumba, asishike kodi. Wapangaji walipe kwa namba ya M-Pesa ya biashara iliyo kwa jina lako, chumba kikiandikwa kama namba ya akaunti, ili ujue bila kuuliza kwamba chumba cha sita hakijalipa. Mlipe msimamizi ujira unaojulikana, pamoja na kitu kidogo kwa kila chumba kinachojaa, kwa maana anayelipwa sawasawa chumba kikiwa kitupu au kimejaa hana haraka ya kumtafuta mtu. Jamaa wasipangishiwe, au wapangishiwe wakijua kwamba msimamizi hatawatofautisha na wengine.

Na usijenge vyumba vyote kumi kwa mara moja. Jenga vinne upande mmoja, uweke tangi na choo vya kuhudumia kumi, kisha uviache vipite mwaka mzima: likizo ndefu ya chuo, kufungwa kwa omena, mwezi ambao mishahara ya kaunti imechelewa. Andika kwenye daftari chumba kipi kilikaa kitupu, siku ngapi, na aliyehama alihamia wapi na kwa nini. Daftari hilo litakuambia kama vyumba sita vinavyobaki viwe vya mtu mmoja au vya familia, viwe na jiko ndani au la, au kama pesa zilizobaki ziende Sacco na kiwanja kilichobaki kipandwe mtama.